Tathmini ya viza ya mwenza ya Uingereza: maombi yenyewe yanastahili kulipiwa, wakala wetu hakustahili

Mume wangu ni Mwingereza, mimi ni Mkenya, na tulifunga ndoa Agosti 2023. Viza iliyoniruhusu kwenda kuishi naye ilitoka Januari 2025. Katika miezi hiyo kumi na saba, maafisa wa Uingereza walikaa na maombi yangu kwa wiki kumi na tatu tu. Muda mwingine karibu wote ulipotelea mikononi mwa wakala tuliyemlipa atusaidie, na ni lazima nikiri kwamba ulipotea pia kwa sababu tulimwamini kabla ya kuzisoma kanuni wenyewe. Kwa hiyo natathmini huduma mbili ambazo watu huzichanganya: maombi ya viza kama serikali ya Uingereza inavyoyaendesha, na msaada wa wakala wa huku nyumbani ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa nimegundua baadaye kwamba wa aina yake si mmoja.

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu. Nilipotuma maombi Oktoba 2024 nikiwa nje ya Uingereza, ada ya viza ilikuwa pauni 1,846. Juu yake kulikuwa na tozo ya afya, inayomruhusu mwenye viza kutibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kama mkaazi mwingine yeyote, nayo ilikuwa pauni 1,035 kwa mwaka. Viza ya kwanza hudumu miezi 33, na miezi tisa ya mwisho huhesabiwa kuwa mwaka mzima, hivyo tozo hiyo ikafika pauni 3,105. Jumla ya hayo mawili ni pauni 4,951, na hulipwa yote kabla afisa hajaitazama hata karatasi moja. Aprili 2025 ada ya viza ilipanda hadi pauni 1,938. Maombi yakikataliwa, tozo ya afya hurudishwa, lakini ada ya viza hairudi. Anayefikiria kujaribu bahati yake kwanza na kupanga karatasi baadaye ayatazame vizuri maneno hayo ya mwisho.

Wakala tulimpata Septemba 2023 kwa kuelekezwa na jamaa. Ada yake ilikuwa karibu theluthi ya ada ya viza, nasi tulilipa nusu siku ile ile. Ofisi ilikuwa safi, bendera ndogo ya Uingereza mezani, na ukutani picha za wateja wakiwa wameshika pasipoti. Alichotuagiza kwanza kilikuwa picha. Alitaka picha mia moja na hamsini, zimesafishwa na kupangwa kwenye albamu kwa mfuatano wa tarehe: za uchumba, za posa, za harusi, za fungate, za wakwe. Alitaka pia mume wangu aandike barua ya kurasa mbili akieleza jinsi anavyonipenda, na ndugu zangu watatu waandike kila mmoja yake. Nilipomwuliza kuhusu hati za mshahara za mume wangu alinijibu kwa upole, "Hiyo ya mshahara tutaiweka mwishoni, dada, hiyo si shida."

Ilikuwa ndiyo shida pekee tuliyokuwa nayo. Viza ya mwenza ya Uingereza ina sharti la kipato, na mwenza aliye Uingereza ndiye anayelibeba. Kuanzia Julai 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya makato. Desemba 2023 serikali ilitangaza kwamba kingepanda hadi pauni 29,000, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapanda kweli. Mume wangu anafanya kazi katika ghala mjini Leeds, na mshahara wake wakati huo ulikuwa pauni 28,400. Chini ya kanuni ya zamani alikuwa amevuka kwa karibu pauni elfu kumi. Chini ya mpya alikuwa amepungukiwa na pauni mia sita. Kwa watu wa aina yetu, haja yote ya kumlipa mtaalamu ilikuwa katika tarehe hiyo moja.

Kufikia Januari 2024 tulikuwa na kila kitu kilichohitajika kisheria. Cheti cha ndoa kilikuwapo, mtihani wa Kiingereza nilikuwa nimeufaulu, cheti cha kifua kikuu kilikuwa kimetoka wiki hiyo, na hati sita za mshahara zilikuwa kwenye bahasha. Wakala akasema picha hazitoshi, kwamba za wakwe ni chache, na kwamba ni afadhali mume wangu aje tena wakati wa Pasaka tupige nyingine pamoja na wazazi wangu. Tarehe 6 Februari tozo ya afya ilipanda kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka. Kwetu sisi hiyo peke yake ilikuwa nyongeza ya pauni 1,233. Mume wangu alimpigia simu kumwuliza kama habari za kiwango kipya cha kipato zinatuhusu, akajibiwa kwamba hizo ni habari za magazeti na huwa zinabadilika. Akaja Pasaka, akapiga picha na baba yangu wakiwa wamevaa mashati ya rangi moja, akarudi. Wakala alitupigia Jumatatu ya tarehe 15 Aprili kutuarifu kwa furaha kwamba sasa albamu imekamilika.

Waliotuma maombi yao kufikia tarehe 10 Aprili wanaendelea kupimwa kwa pauni 18,600 hata watakapoongeza muda wa viza baada ya miaka miwili na nusu. Sisi hatukuwamo.

Hapa ndipo nilipoanza kuzisoma kanuni mwenyewe, na hapa pia ndipo ninapobadili sauti, kwa sababu kanuni zenyewe, pamoja na ukali wake, zimeandikwa kwa uwazi ambao sikuutarajia. Zimewekwa kwenye tovuti ya serikali bila malipo, na sehemu ya kipato inaeleza hati moja moja inayotakiwa. Mtu aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi huleta hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri inayotaja kazi, kiwango cha mshahara, muda aliofanya kazi, muda ambao amelipwa kiwango hicho na aina ya ajira. Aliyebadilisha kazi karibuni, au ambaye mshahara wake hupanda na kushuka, hupimwa kwa kipato cha miezi kumi na miwili. Aliyejiajiri hupimwa kwa mwaka wa kodi uliokamilika, ambao Uingereza huishia tarehe 5 Aprili. Hati za fedha zisiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ya kutuma maombi.

Asiye na mshahara wa kutosha anaweza kutumia akiba, lakini hesabu yake huwashangaza watu. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, kisha kinachobaki hugawanywa kwa mbili na nusu. Kufikia kiwango cha 29,000 kwa akiba pekee mtu anahitaji pauni 88,500, zikiwa zimekaa mikononi mwake kwa miezi sita. Nami nilikuwa na kazi nzuri na mshahara wa kila mwezi, lakini mshahara wa mwombaji anaoupata nje ya Uingereza hauhesabiwi hata kidogo. Nilikasirika nilipoisoma sentensi hiyo, na bado naiona kuwa kanuni isiyo ya haki, kwa sababu inamchukulia mke au mume anayetoka ng'ambo kuwa mzigo hata kabla hajapanda ndege.

Bahati ilikuwa kwamba mume wangu aliongezewa mshahara mwezi wa Aprili 2024, ukafika pauni 30,200. Nikadhani tunaweza kutuma Mei. Kanuni ilinizuia: katika kundi la waajiriwa wa miezi sita, kinachotazamwa ni kiwango cha chini kabisa cha mshahara ndani ya miezi hiyo sita. Hati moja tu ya Machi, yenye mshahara wa zamani, ingetushusha wote hadi pauni 28,400. Ilitubidi tusubiri mpaka hati zote sita, kuanzia Aprili hadi Septemba, ziwe za mshahara mpya. Wakala alipoambiwa hivyo alisema anaujua utaratibu huo tangu zamani.

Tuliachana naye Agosti, na si kwa sababu ya kuchelewa. Alinitumia rasimu ya fomu niihakiki. Fomu inauliza kama mwombaji amewahi kukataliwa viza ya nchi yoyote, na yeye alikuwa amejibu "hapana". Nilikataliwa viza ya matembezi ya nchi nyingine mwaka 2019, na nilimweleza hivyo siku ya kwanza. Nilipomkumbusha aliandika, "Nani atajua? Usijiharibie." Kanuni za Uingereza humkataa mwombaji aliyedanganya na zinaweza kumfungia mlango kwa miaka kumi, wakati kukataliwa viza mahali pengine, kukielezwa kwa ukweli, hakumzuii mke wa mtu kupewa viza yake. Yaani mtu niliyemlipa anilinde na hatari alikuwa anataka kunibadilishia doa dogo kwa shimo la miaka kumi. Niliomba nyaraka zangu siku iyo hiyo. Nusu ya pili ya ada hatukuilipa. Ya kwanza haikurudi. Albamu ninayo.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo wasomaji walio katika hali kama yangu wanapaswa kulijua mapema, ni kwamba ndani ya Uingereza mtu haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria aliyeidhinishwa. Sheria ya mwaka 1999 inalifanya hilo kosa la jinai. Chombo kinachowasajili washauri hao kiliitwa OISC mpaka Januari 2025 kilipobadilishwa jina na kuwa Immigration Advice Authority, na orodha yake iko wazi kwenye intaneti. Wakala aliye nje ya Uingereza hafikiwi na mkono huo. Tulimtafuta mshauri mmoja aliyesajiliwa, tukamlipa pauni 150 kwa saa moja ya kukagua nyaraka zetu kwa njia ya video, na katika saa hiyo alifanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyoifanya kwa mwaka.

Mfano wa kazi hiyo ni huu. Hati ya mshahara ya Julai ya mume wangu ilionyesha kwamba baada ya makato alilipwa pauni 2,005.48. Taarifa ya benki ya mwezi huo ilionyesha kwamba kutoka kwa mwajiri ziliingia pauni 1,705.48. Sisi tuliiona tofauti hiyo tukaipita, maana tulijua sababu: tangu Julai alikuwa amemwomba mwajiri apeleke pauni mia tatu moja kwa moja kwenye akaunti yake nyingine ya kuweka akiba ya nauli yangu. Afisa anayesoma faili asingeijua sababu hiyo. Angeona tarakimu mbili zisizolingana katika sharti ambalo lote ni la kulinganisha tarakimu. Mshauri alituambia tulete taarifa za akaunti ya pili kwa miezi yote mitatu iliyohusika, mwajiri aongeze sentensi moja kwenye barua yake, na sisi tuandike maelezo ya nusu ukurasa. Nilitumia jioni nzima sakafuni na hati sita upande wa kushoto, taarifa za benki upande wa kulia, nikichora mstari wa kalamu ya rangi chini ya kila tarakimu iliyopata mwenzake. Anayeomba viza hii na afanye zoezi hilo kabla ya kufikiria albamu.

Uthibitisho wa uhusiano wenyewe haukuchukua nafasi kubwa. Niliweka cheti cha ndoa, kurasa za pasipoti zenye mihuri ya safari zake tatu, tiketi, kurasa chache za mazungumzo ya simu zilizochaguliwa kutoka kila msimu badala ya maelfu ya ujumbe, na picha kumi na nne zenye tarehe na majina ya waliomo. Barua ya mapenzi ya kurasa mbili niliibakiza nyumbani. Sisemi kwamba uhusiano hautazamwi. Kanuni inataka uwe wa kweli na unaoendelea, wenza wawe wamewahi kuonana ana kwa ana, wote wawe na miaka 18 au zaidi, na wawe na nia ya kuishi pamoja. Wasiooana wanaweza pia kuomba iwapo uhusiano wao umefanana na ndoa kwa angalau miaka miwili. Ninachosema ni kwamba watu wawili waliooana kihalali na kutembeleana huwa tayari wanao ushahidi huo, na hawahitaji mtu wa kuutengeneza.

Fomu ya mtandaoni ni ndefu lakini imeundwa kwa busara. Inajihifadhi unapoendelea, unaweza kuiacha leo na kuirudia baada ya wiki, na maswali yake yameandikwa kwa lugha nyepesi. Inataka safari za miaka kumi iliyopita, jambo lililonifanya nivunje kichwa juu ya mihuri iliyofifia. Inauliza pia mlionana ana kwa ana lini kwa mara ya kwanza, uhusiano ulianza lini, na mlionana lini mara ya mwisho. Mimi na mume wangu tulikosana kwa siku mbili juu ya swali la pili, kwa kuwa yeye huhesabu tangu siku tuliyokula chakula cha kwanza pamoja na mimi huhesabu tangu aliponiuliza rasmi. Tuliandika tarehe yake, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye ujumbe wa simu. Ukishatuma huwezi kubadilisha kitu, kwa hiyo isomeni fomu wote wawili, kila mmoja peke yake.

Mtihani wa Kiingereza wataka maneno machache. Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba, lakini Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa mtihani. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia baada ya kuithibitisha kupitia Ecctis, shirika la Uingereza linalotathmini vyeti vya nje. Mimi nina diploma, nayo haitoshi. Nilifanya mtihani wa IELTS Life Skills wa kiwango cha A1, yaani cha chini kabisa, ambao ni mazungumzo ya dakika kumi na sita hadi kumi na nane ukiwa na mtahiniwa mwenzako na mtahini. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili. Tuliulizana ratiba zetu za asubuhi kwa adabu kubwa, kisha tukacheka mpaka kwenye ngazi.

Cheti cha kifua kikuu hudumu miezi sita tu, na sharti hili linawahusu wanaotoka Kenya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Cha kwanza, kile cha Januari, kiliisha Julai kikiwa kwenye kabati la wakala. Nikapiga eksirei ya kifua mara ya pili Septemba, nikalipa tena. Hiki kiachwe mpaka kiwe karibu cha mwisho katika mpangilio wa mambo.

Nilituma maombi tarehe 4 Oktoba 2024, taarifa za benki zikiwa na siku nne. Malipo ya tozo ya afya hutangulia na hukupa nambari inayoanza na herufi IHS, kisha ndipo unalipa ada ya viza. Kadi yangu ilikataa malipo mara mbili kwa sababu ya kikomo cha matumizi ya siku, kwa hiyo piga simu benki mapema waiinue. Baada ya kulipa unapangiwa siku ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole katika kituo cha kampuni iliyopewa kazi hiyo. Kituo nilichokwenda kilikuwa na huduma ya kuudhi: wafanyakazi wake walinishawishi mara tatu ninunue chumba cha kusubiria cha watu mashuhuri, ujumbe wa simu wa kufuatilia pasipoti, na kuchanganuliwa hati ambazo nilikuwa nimeshazipakia mwenyewe nyumbani bila malipo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa uamuzi, wala watu wa kituo hawana sauti yoyote katika uamuzi. Nilikataa vyote, nikatoka baada ya dakika arobaini.

Muda uliotangazwa wakati huo ulikuwa wiki 24. Kulikuwa na huduma ya haraka kwa pauni 500 zaidi, ambayo hatukuinunua kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Katika kipindi hicho cha kusubiri hakuna cha kufuatilia. Faili iko kwenye foleni na wewe uko nyumbani. Wiki ya kumi na tatu nilipata barua pepe kwamba uamuzi umetolewa, nikaenda kuchukua pasipoti, na ndani yake kulikuwa na stika ya kuingilia ya siku 90. Kadi za ukaazi zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwisho wa Oktoba 2024, hivyo hadhi yangu yenyewe imo katika akaunti ya mtandaoni, na mwajiri au mwenye nyumba huihakiki kwa msimbo ninaompa. Mfumo huo umenifanyia kazi vizuri, ingawa mama yangu bado hajaridhika kwamba kitu cha bei hiyo hakina karatasi.

Viza inaniruhusu kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza, na hainiruhusu kupokea misaada ya fedha ya serikali. Watu wengi huidhani kuwa mwisho wa safari, na wakala wetu ndivyo alivyokuwa akiiuza. Baada ya miaka miwili na nusu huongezwa kwa miezi 30, kwa mtihani wa Kiingereza wa A2 na sharti la kipato lile lile. Baada ya miaka mitano ndipo unapoomba ukaazi wa kudumu, kwa Kiingereza cha B1 na mtihani wa maisha ya Uingereza wenye maswali 24, ambapo kufaulu ni kupata 18. Kwa bei zilizokuwapo nilipoomba, kuongeza muda kuligharimu pauni 1,258 pamoja na tozo ya afya ya pauni 2,587.50, na ukaazi wa kudumu pauni 2,885. Ukijumlisha na nilicholipa mwanzo, njia nzima inafika pauni 11,681.50, bila mitihani wala nauli, na bila kupanda kwa ada ambako tayari kumeanza.

Maombi yenyewe nayapa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa bei, na nyingine kwa kanuni ya kutohesabu mshahara wa mwombaji. Nyota zilizobaki ni za uwazi: kila kilichotakiwa kilikuwa kimeandikwa, na nilipoleta kilichoandikwa nilipewa viza bila kuulizwa swali la ziada. Wale ambao wangekataliwa wana haki ya kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu, ndani ya siku 28 kama wako nje ya Uingereza, ingawa rufaa huchukua muda mrefu kuliko maombi mapya yaliyorekebishwa vizuri. Mshauri wa saa moja nampa nyota tano. Wakala nampa moja kwa kuwa fomu za tathmini haziruhusu sifuri.

Kama mwenza wako ni mwajiriwa wa kawaida, mnafahamu Kiingereza cha kusoma, na historia yenu haina vita na idara yoyote ya uhamiaji, nakushauri ujaze mwenyewe na ulipe mshauri aliyesajiliwa akague kabla hujatuma. Kama mwenza amejiajiri, au ni mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe, au mmoja wenu aliwahi kukaa kupita muda wa viza, mpe mwanasheria kazi nzima tangu mwanzo. Katika hali zote mbili, swali la kwanza la kumpima mtu unayetaka kumlipa liwe, "Mwenza wangu yuko katika kundi gani la kipato, na tarehe ya mapema kabisa tunayoweza kutuma ni ipi?" Akianza kukuuliza habari za picha, simama uage.

Mimi nimeanza kazi hapa Leeds Machi 2025. Wakati wa kuongeza viza mshahara wangu nao utahesabiwa pamoja na wa mume wangu, kwa kuwa sasa naupata ndani ya Uingereza, na wote wawili tumewaambia waajiri wetu walipe kila peni kwenye akaunti moja.